Kuwalea kwa kikundi wanafunzi wa uuguzi Waaborijini: mwenye uzoefu anisaidie

Mwana_Tanga ameandika:

Wakuu habari za kazi. Shikamooni mliotangulia huku ng'ambo.

Mimi ni muuguzi, Mtanzania, nipo Northern Territory, Australia. Mji wetu ni mdogo, uko kando ya Stuart Highway, nikiutaja tu nimeshajulikana, kwa hiyo tuuache. Eneo hili karibu watu watatu katika kila kumi ni Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na wodini kwetu ndio wagonjwa walio wengi. Njoo sasa kwa wauguzi: Wahindi, Wafilipino, Wanepali, Wazimbabwe, Wakenya, sisi wenyewe, na Wazungu wa miji ya kusini wanaokuja kwa mikataba mifupi wakaondoka kabla hawajajua stoo ya wodi iko wapi. Muuguzi mwenyeji wa ardhi hii unaweza kumaliza mwezi mzima hujapangwa naye zamu. Nchi nzima iko hivyo hivyo. Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait ni karibu asilimia 4 ya wananchi wote, lakini ukija kwa wauguzi hata asilimia 2 hawafiki.

Msimamizi wangu amenikabidhi wanafunzi sita wa shahada ya uuguzi niwe mlezi wao. Wote Waaborijini, wote wa vijiji vya mbali. Wanasoma wakiwa kwao kwa kompyuta, halafu wanakuja mjini kwa wiki za darasani na kwa fildi. Si watoto hawa. Mmoja ana wajukuu, na alishakuwa anafanya kazi ya afya kijijini kwao wakati mimi bado nabeba ndoo na fagio shuleni.

Utaratibu niliokuta ni fomu. Kila mwezi nikae na mwanafunzi mmoja, ofisini, mlango umefungwa, tujaze malengo yake, changamoto zake na hatua zinazofuata. Mwanafunzi anakaa, anaangalia sakafu. Unaendeleaje? Vizuri. Kuna tatizo lolote? Hakuna. Anasaini, anaondoka. Baada ya wiki mbili nasikia pembeni kwamba amefeli hesabu za dawa na kompyuta yake imekufa siku nyingi. Lakini hao hao ukiwakuta chini ya mwembe nyuma ya kantini, mdomo haufungi! Wanaelezana kazi ya figo kwa Kriol, lugha yao ya mchanganyiko na Kiingereza, mikono inachora hewani, wanacheka mpaka machozi. Mimi nikisogea, kimya.

Halafu kuna suala la misiba. Huku mtu akifa ukoo mzima unasimama, na msiba unaweza kuchukua wiki kadhaa. Mmoja wa wanafunzi wangu alitoka katikati ya fildi kwenda kuzika, chuo kikamwandikia kuwa saa hazikutimia, arudie kipindi chote. Na fildi ya huku mnaijua, shahada inadai saa zisizopungua 800, na hospitali haikulipi hata senti.

Nataka niachane na habari za mmoja mmoja, niwalee kwa kikundi. Kuna aliyewahi kufanya? Nani akipange hicho kikundi, kikutane wapi, kifanye nini hasa? Na kuna jambo linaninyima usingizi: mimi ni Mwafrika mgeni. Nitakaaje katikati ya wenye nchi yao nikajiita mlezi wao?

---

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Marahaba mwanangu. Mimi mtu wa Mombasa, nimezeekea jangwani huku, kwenye kliniki za vijiji vya magharibi ya Alice Springs, zile ambazo muuguzi uko wewe na kitabu cha matibabu, na daktari yuko kwenye simu. Wanafunzi wa namna hiyo nimelea mpaka baadhi yao sasa ndio wanaonipa ripoti asubuhi.

Walee kwa kikundi, ndiyo. Lakini sababu isiwe kwamba bosi anataka kubana saa zako. Sababu ni hiki chumba chako. Mlango umefungwa, mkubwa mmoja anauliza, mkononi ana fomu. Wengi wa hao wanafunzi wana mama au bibi aliyechukuliwa na serikali utotoni akalelewa mbali na kwao, na waliokuja kumchukua nao walikuwa na karatasi. Wewe unadhani unamuuliza habari za masomo. Yeye anasikia kitu kingine kabisa, na anakupa majibu ambayo familia yake imejifunza kuwapa watu wa ofisini: vizuri, hakuna tatizo.

Jambo la pili, watu hawa hawapendi kutengwa mbele za wenzao, hata kwa kusifiwa. Nilimwona daktari mmoja mwenye nia njema akimsimamisha binti katikati ya wodi, eti huyu ndiye bora kuliko wote. Kesho yake binti hakuja, wala keshokutwa. Katika kikundi sifa inagawanywa, na kosa nalo linagawanywa. Mtu anaweza kuuliza swali la kijinga bila kuonekana yeye ndiye mjinga.

Kukipanga usikipange wewe. Usichukue orodha ya chuo ukawagawa watatu watatu. Wana mifumo ya ukoo inayosema nani akae na nani, nani asimtazame nani. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai pamoja, hawaongei, na hiyo haijali kama mmetengewa ukumbi. Sisi pia tunajua kumstahi mkwe, lakini hii yao imepita. Waulize tu: mngependa kukaa nani na nani? Watakupangia dakika tano, na sababu hawatakwambia, wala usiidai. Mambo ya uzazi yabaki ya wanawake. Akiwepo mwanafunzi wa kiume, siku ya somo la wodi ya wazazi atajua mwenyewe pa kwenda.

Mlezi usiwe peke yako. Mtafute mhudumu wa afya Mwaborijini, wale wanaosajiliwa kitaifa tangu 2012 kama sisi wauguzi, ingawa bodi yao ni yao wenyewe, au mzee anayeheshimika, mkae wawili. Na huyo mzee alipwe. Hospitali zetu zina tabia ya kumwita mzee aje atoe hekima yake, halafu anarudishwa nyumbani na sandwichi. Alipwe kwa saa kama anavyolipwa mshauri wa kompyuta.

Hebu nikwambie tulivyokuwa tunafanya. Tulikaa mtoni. Mto wa huku ni mchanga mtupu, maji ukiyaona umebahatika. Jioni tunawasha moto, tunaleta mikia ya kangaruu, hiyo inauzwa dukani imegandishwa na manyoya yake. Unababua manyoya, unakwangua, unafunga na foili, unafukia kwenye majivu ya moto. Inachukua muda kuiva, na huo muda ndio darasa.

Siku moja hesabu ilikuwa hii: mtoto ana kilo 12, parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Apewe kiasi gani? Mmoja akapiga haraka: mtoto anahitaji 180, gawa kwa 120, jibu moja na nusu. Mililita moja na nusu. Palikuwa na binti aliyeshindwa mtihani huo chuoni, alikuwa amekaa nyuma anachokoa mchanga. Akacheka. Akasema moja na nusu ya nini? Hiyo ni moja na nusu ya kile kijiko cha mililita tano! Akachukua bomba la sindano, akavuta maji mpaka saba na nusu, akalizungusha kila mtu aone alama, huku anaeleza kwa Kiwarlpiri, lugha ya kwao, na mimi sielewi neno hata moja isipokuwa namba. Sikusema kitu. Bibi mmoja akageuza mkia kwenye majivu, tukaendelea na hesabu ya dripu. Chumbani kwako na fomu yako usingeyaona hayo.

Wakirudi vijijini kikundi kinahamia kwenye simu. Tumia ujumbe wa sauti, si mkutano wa video. Bando ni ghali, mtandao unashika karibu na mnara tu, na nyumba moja ina watu wengi na simu moja nzuri. Ujumbe wa sauti mtu anausikiliza akipata nafasi, na anaujibu kwa lugha yake. Nyie wa kaskazini mna masika pia, kuanzia Novemba barabara zinakatika mpaka Aprili hivi, kwa hiyo fildi ya mtu wa kijijini usiipange Februari halafu ushangae hakufika.

Msiba sasa. Kabla fildi haijaanza andika makubaliano na chuo, kwa barua pepe, yabaki: mwanafunzi akienda msibani, saa alizokwisha kufanya zinahesabiwa na zilizobaki anapangiwa tarehe nyingine. Saa 800 ni jumla, hakuna mahali sheria inasema ziwe mfululizo. Kikundi kinamwekea aliyeondoka noti na kumpigia anapokuwa tayari. Wao wenyewe watajua lini yuko tayari, wewe hutajua. Na jina la marehemu usilitamke ovyo.

Pesa nayo ni ya kufanywa pamoja. Tangu Julai 2025 serikali kuu inawapa wanafunzi wa uuguzi walio fildini zaidi ya dola 300 kwa wiki, kwa kupima kipato. Na ABSTUDY, msaada wa serikali wa masomo kwa Waaborijini na wa Torres Strait, ipo miaka yote. Wengi hawapati kwa sababu ya kitu kidogo: namba ya simu imebadilika, ile nambari ya siri inatumwa kwenye laini iliyopotea, akaunti inajifunga. Keti nao jioni nzima mfungue akaunti zote. Katika kazi zangu zote za ulezi hiyo ndiyo iliyobakiza watu wengi chuoni, na haimo kwenye fomu yoyote.

Kuhusu ugeni wako. Swali la kwanza watakalokuuliza si cheti chako, ni wewe ni wa wapi na mama yako ni nani. Jibu kwa kirefu. Waambie Tanga, bahari, bibi yako. Halafu kuna ugonjwa mmoja ambao wewe unaujua kuliko wauguzi wa Sydney: moyo unaoharibika kwa homa ya baridi yabisi. Wenzetu wazungu wengi wameusoma kitabuni tu, sisi tumewaona watoto wa kwetu wanavimba miguu nao, na vijiji vya huku umejaa. Ile sindano nzito ya penisilini ya kila wiki nne, kila nyumba ina mtoto anayeikimbia. Anzia hapo, mtaongea kama watu wanaojua maumivu yale yale.

Na wajiunge na CATSINaM, chama cha wauguzi na wakunga Waaborijini na wa Torres Strait, kipo tangu 1997. Wewe ni wa kuwavusha tu, wenyewe wapo. Kikundi changu kilipenda sana habari za Lowitja O'Donoghue. Royal Adelaide Hospital ilimkatalia nafasi ya mafunzo kwa sababu ya uzawa wake, akapambana mpaka akapokewa mwaka 1954, na baadaye akawa kiongozi wa taifa. Mmoja wao akasema, kwa hiyo hata yeye fomu yake ilikataliwa!

---

Kaka_Musa_Darwin amejibu:

Mama wa Zamu ya Usiku, heshima zako. Mengi nakubali, lakini nina wasiwasi mdogo na hii "kikundi kikundi".

Kwanza, mameneja wakisikia neno hilo wanafurahi kuliko sisi. Mlezi mmoja, wanafunzi wanane, wametimiza. Mwana Tanga, ukibadilisha utaratibu hakikisha saa zako za ulezi zimo kwenye ratiba ya zamu na haziliwi. Mimi niliahidiwa saa hizo, kila zikifika wodi imepungukiwa na mtu, naitwa.

Pili, kikundi cha ndugu kina masikio ya ndugu. Mwanafunzi anapigwa na mume, na dada wa mume yumo kwenye hicho hicho kikundi. Atasemea wapi? Deni je? Na ubaguzi wa wodini? Kuna msimamizi mmoja, mahali nisipopataja, kila dawa ikipotea anaanza kumwangalia mwanafunzi Mwaborijini. Mwanafunzi hatalisema hilo mbele ya wenzake, ataacha tu chuo na mtaandika "sababu za kifamilia".

Kwangu mazungumzo ya peke yake yanafanyika kwenye gari. Namrudisha mtu hosteli, wote tunaangalia barabara, hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mwanamume na mwanafunzi wa kike ni suala jingine, hapo namwachia mwenzangu wa kike. Lakini gari limenisikilizisha mambo ambayo ofisi haijawahi kuyasikia.

---

Mutoto_wa_Bukavu amejibu:

Jambo kwenu wote. Mimi niko Kanada, Saskatchewan. Sisi huku wanafunzi ni wenyeji wa asili wa hapa, Wacree, Wadene na Wametis, baridi yake ndiyo jangwa letu.

Kitu kimoja cha huku naona kinaweza kusaidia. University of Saskatchewan ilipeleka shahada yenyewe kaskazini, La Ronge na Île-à-la-Crosse, mwanafunzi asome kule kule anakoishi. Mwalimu alikuwa Saskatoon, kule darasani kuna roboti yenye skrini ya uso wake, anaiendesha kutoka mbali, inamsogelea mwanafunzi anayepima presha na kumwangalia mkono. Watu walikuja kupiga picha roboti. Lakini ukiuliza waliomaliza, hawakuambii roboti. Wanakuambia kwamba walikuwa darasa moja dogo, wote wa kule, wanaleana watoto, mmoja akifanya zamu mwingine anapika. Hakuna mlezi aliyepangwa. Walezi ni wao.

Kwa hiyo dada, kabla ya kuuliza utawaleaje, uliza kama wanaweza kupangiwa fildi pamoja, hata wawili wawili. Mmoja peke yake kwenye hospitali kubwa ya mjini, analala kwenye chumba cha kukodi, watoto wako mbali, huyo hata umpe walezi kumi atarudi kwao.

---

Mkufunzi_Manyara amejibu:

Nawasoma nikiwa nyumbani Tanzania, chuoni kwetu wanakuja mmoja mmoja kutoka bonde la Eyasi, Wahadzabe na Wadatoga. Mnachokizungumza sisi tunaita diskasheni na kila mwanachuo anaijua, jioni wamejikusanya chini ya taa ya veranda.

Tahadhari yangu ni moja. Diskasheni ina mwenyewe. Kuna kijana mmoja mwepesi wa kuongea, anaiteka, na yule wa Eyasi anakaa wiki nzima anaitikia kwa kichwa. Kwetu dawa yake ilikuwa anayeeleza asiwe anayejua. Jana umefeli swali la presha? Leo wewe ndiye unayelieleza, wengine wanakusaidia. Sasa nikisoma alivyosema mama kuhusu kutengwa mbele za watu, sina hakika dawa hiyo ingefaa kwao. Waulize wenyewe.

---

Mwana_Tanga ameandika:

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeanza.

Nimeongea na yule mwenye wajukuu kwanza, nikamwomba ruhusa. Akanyamaza sana, halafu akaniuliza mama yangu anaitwa nani! Nilivyomaliza kumweleza akasema kikundi kipo siku nyingi, chini ya mwembe, mimi ndiye sikuwa ndani. Atakuja na dada yake, ambaye ni mhudumu wa afya aliyesajiliwa. Wamejigawa wawili na wanne, sijauliza kwa nini.

Kaka Musa, saa zangu zimeingia kwenye ratiba kwa maandishi. La gari nimelichukua, nina kigari kibovu lakini kinatembea. Mutoto wa Bukavu, ombi la fildi ya wawili wawili nimelituma, chuo kimesema kitaangalia, na sote tunajua maana ya kuangalia. Nitawasumbua.

Mama, nimebakiza la pesa. Hospitali imesema haina fungu la chakula cha vikao vya wanafunzi, na huyo dada mhudumu, ndiye mzee wetu wa kikundi, hawajui wamlipe kwa utaratibu gani. Mikia ya kangaruu inanunuliwa na nani?

---

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Mikia, kuni na mafuta ya gari viandike kwenye bajeti ya mafunzo, mstari wa vifaa vya kufundishia. Wakikataa, waulize kwa upole keki za kikao cha mameneja zinaandikwa mstari gani.

Mzee mwandikishe kama mtoa huduma wa nje, kitengo cha manunuzi kina fomu yake. Ianze wiki hii, umsaidie kuijaza, maana malipo ya kwanza huchelewa sana na hutaki akae nanyi jioni zote hizo akisubiri. Na ukienda dukani chagua mikia minene. Ile myembamba ni mifupa mitupu, watakucheka.